Chupa moja ya probiotiki, watu watatu ndani ya nyumba: nani anywe, nani asiguse

*"Asalamu alaykum daktari. Nina miaka 33, nakaa Fuoni, nanyonyesha. Jino lilivimba likatunga usaha, nikaandikiwa amoksilini yenye klavulanati ya miligramu 625, mara tatu kwa siku, siku saba. Siku ya nne tumbo likaanza kuendesha, mara tatu au nne kwa siku, maji maji, hakuna damu wala homa. Dada yangu alishaniletea kutoka Dubai chupa ya probiotiki: kapsuli 60, imeandikwa bilioni 50 na kwamba ihifadhiwe kwenye friji, lakini imekaa kabatini karibu miezi miwili. Mume wangu anasema hayo ni mambo ya mtindi tu, tunywe nyumba nzima. Nina mtoto wa miezi minne, alizaliwa njiti wa wiki 30, sasa ana karibu kilo tano, ananyonya tu. Usiku analia sana, wakubwa wanasema ni mchango, na jirani kaniambia nifungue kapsuli nipake unga kidogo kwenye chuchu. Pia nakaa na mama yangu, miaka 66. Ana sukari, figo zimefeli, tumemleta kutoka Wete ili asafishwe damu, na ana mpira shingoni. Tumbo lake nalo linamsumbua. Kama hizi ni bakteria wazuri, kuna ubaya gani sote tukinywa?"*

Waalaykumu s-salaam dada yangu, na pole kwa jino, kwa tumbo na kwa kuuguza.

Nianze na jibu lenyewe, maana chupa iko nyumbani na mtu anaweza kuifungua leo. Mama asinywe, na kapsuli hizo zisifunguliwe karibu naye. Mtoto asipewe, wala unga usipakwe kwenye chuchu. Wewe probiotiki unaweza kunywa ukipenda, ingawa hulazimiki, na ukinywa isiwe ya chupa hiyo. Najua inashangaza kwamba kitu kimoja kinatoa majibu matatu katika nyumba moja, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Probiotiki ni vijidudu hai vinavyomezwa kwa nia ya kuusaidia mwili, na bilioni 50 ya kwenye chupa ni hesabu yao. Mumeo hakukosea sana. Bakteria wengi wanaotiwa kwenye kapsuli hizi ni ndugu wa wale wanaogandisha maziwa, na kwa mtu mzima mwenye afya madhara makubwa ni adimu sana. Kosa liko kwenye neno "wazuri". Bakteria hawana uzuri wa kudumu. Uzuri wao unategemea mahali walipo. Ndani ya utumbo ni msaada. Ndani ya damu ni maradhi, hata akiwa yule yule wa kwenye mtindi.

Kinachotenganisha sehemu hizo mbili ni chembamba mno. Ukuta wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, imefunikwa na ute, na nyuma yake wamekaa askari wa kinga ya mwili. Kila siku bakteria wachache hupenya. Kwa mtu mwenye afya wanauawa kwenye tezi za tumboni au kwenye ini kabla hawajafika mbali, na mwenyewe hajui kama kuna kilichotokea. Kwa mtu ambaye ukuta huo umechoka, kinga yake imedhoofika, au ana mpira ulioingia moja kwa moja kwenye mshipa mkubwa, bakteria huyo huyo anaweza kufika kwenye damu, akatulia na kuzaana. Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu probiotiki liwe "nani anakunywa", na "bilioni ngapi" lije baadaye.

Hili la kidonge kimoja kuwa na hukumu mbalimbali halijatoka mbali, limeonekana Pemba. Kulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wa mwezi mmoja hadi 35 madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki kila siku, kwa nia njema kabisa, kwa sababu upungufu wa damu ulikuwa mwingi. Agosti 2003 ikabidi sehemu ya chuma isimamishwe, maana watoto waliopewa walikuwa wakilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet na yakabadilisha ushauri wa dunia kuhusu kugawa chuma kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Lakini watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu, na wakafuatiliwa kwa karibu, walinufaika. Chuma hakikuwa sumu wala hakikuwa tiba ya kila mtu. Kila ninaposikia "hiki ni lishe tu, hakina madhara", nawakumbuka watoto wale.

Na probiotiki zenyewe zimeshawahi kupimwa kwa namna hiyo. Uholanzi, mwaka 2008, yalitoka matokeo ya wagonjwa 296 wa kongosho iliyovimba vibaya. Nusu yao walikuwa wamepewa mchanganyiko wa bakteria sita kupitia mpira wa chakula. Waliopewa probiotiki walifariki 24 kati ya 152. Waliopewa unga usio na kitu walifariki 9 kati ya 144. Wagonjwa tisa wa kundi la probiotiki utumbo ulikosa damu, na kundi la pili hakuna hata mmoja. Wale walikuwa wagonjwa mahututi, hawafanani nawe. Natoa mfano huu kwa ajili ya mama yako.

Mama

Mama ana mambo matatu kwa pamoja. Sukari ya muda mrefu hupunguza nguvu za kinga. Figo zilizofeli huacha taka kwenye damu, na taka hizo huulegeza ukuta wa utumbo na kuwachosha askari wa kinga. La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, ni mpira wa shingoni: ncha yake ya ndani iko karibu na moyo, ncha ya nje iko juu ya ngozi.

Bakteria au fangasi wa kwenye kapsuli wana njia mbili za kumfikia. Moja ni kupitia utumbo kama nilivyoeleza. Ya pili watu hawaifikirii: mikono na hewa. Ipo probiotiki isiyo bakteria bali ni hamira, jina lake Saccharomyces boulardii, jamaa wa karibu wa hamira tunayotia kwenye mkate wa kumimina. Ilipopimwa, pakiti yake ikifunguliwa unga ulionekana kuruka mpaka kiasi cha mita moja, ukabaki kwenye mikono ya aliyefungua hata baada ya kunawa. Mkono huo ukigusa kifuniko cha mpira, hamira inaingia kwenye damu bila kupita tumboni. Wapo wagonjwa waliopata hamira kwenye damu ilhali wao wenyewe hawakunywa. Aliyekunywa ni mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ndiyo sababu hamira hii imekatazwa kwa mtu mwenye mpira kwenye mshipa mkubwa, na mwaka 2017 wasimamizi wa dawa wa Ulaya wakaongeza katika katazo hilo wagonjwa mahututi na wenye kinga dhaifu.

Kwa hiyo soma nyuma ya chupa yako. Ukiona neno Saccharomyces au boulardii, chupa hiyo isikae nyumbani kabisa maadamu mama ana mpira. Ukiona majina yanayoanza na Bacillus, kwa mfano Bacillus clausii au Bacillus coagulans, ujue hawa hujifunga kwenye ganda gumu ambalo joto haliliui na dawa ya mikono yenye spiriti hailiui pia. Sabuni na maji ya kutiririka huwaondoa kwa kuwasukuma wakaenda na maji, basi. Mtu wa nyumbani anayemeza probiotiki ya aina yoyote ameze kapsuli nzima, asifungue, anawe, na asiwe yeye anayegusa bandeji ya mama. Kwa kweli bandeji ile haimhusu mtu yeyote wa nyumbani. Iachiwe wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu.

Tumbo la mama litafutiwe chanzo chake. Hujaniambia kama anafunga choo au anaharisha, na tofauti ni kubwa. Wagonjwa wa figo wengi hukosa choo kwa sababu wamepunguziwa maji, matunda na mboga, na kwa sababu dawa zao za kushusha fosforasi na vidonge vya chuma hufunga choo. Kama anaharisha, metfomini, dawa ya kushusha sukari, huwa mtuhumiwa wa kawaida, na mtu aliyefika kwenye kusafishwa damu hatakiwi kuwa bado anaimeza. Beba vidonge vyake vyote kwenye mfuko siku ya kusafishwa damu, vikaangaliwe kimoja kimoja.

Na mtindi je? Kwake mtindi una hesabu nyingine. Maziwa yana potasiamu na fosforasi nyingi, vitu viwili ambavyo figo zake hazitoi tena, na kikombe cha mtindi kinahesabiwa ndani ya kiasi chake cha maji cha siku. Aulize kitengo chake anaruhusiwa kiasi gani. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa asionje.

Mama akipata homa au baridi ya kutetemeka, hasa akiwa kwenye mashine au saa chache baada ya kutoka, msisubiri asubuhi wala msimpe panadoli mkalala. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Kama ameshameza kapsuli hata moja, nendeni na chupa na mseme. Hili lina sababu: bakteria wengi wa jamii ya Lactobacillus kwa asili yao hawasikii vankomaisini, dawa ambayo huanzwa mara nyingi pale mpira unaposhukiwa, lakini husikia dawa za jamii ya penisilini. Na kama ni hamira, hakuna antibaiotiki yoyote itakayoigusa. Hutibiwa kwa dawa ya fangasi na mpira hutolewa. Daktari asiyeambiwa anaweza kupoteza siku mbili akitibu kisichokuwepo.

Mtoto

Kwanza kilio. Mtoto wako amezaliwa wiki 30, yaani wiki 10 kabla ya wakati. Leo ana miezi minne, takriban wiki 17. Toa 10, zinabaki 7. Huo ndio umri wake halisi wa kukua: wiki saba. Kilio cha jioni na usiku cha watoto wachanga hupanda mpaka kilele baina ya wiki ya sita na ya nane, kisha kikaanza kushuka. Mwanao yuko kileleni hasa. Kama angezaliwa kwa wakati wake, leo ungekuwa na mtoto wa wiki saba anayelia jioni, na hakuna ambaye angeshangaa. Nakwambia hivi kwa sababu akina mama wengi wa njiti huhesabu kuanzia siku ya kujifungua, wakaona mtoto "angeshatulia", wakaanza kumtafutia dawa.

Ananyonya tu, na uzito wa karibu kilo tano kwa njiti wa miezi minne ni kazi yako nzuri. Maziwa yako yana sukari za aina ya pekee ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zimo humo kwa ajili ya kulisha bakteria wa jamii ya Bifidobacterium waliomo tumboni mwake, ambao wengi wao amewapata kwako. Anachoahidi muuza chupa, mtoto anakipata kila anaponyonya.

Sasa unga kwenye chuchu. Naelewa jirani alitaka kusaidia, lakini hapana. Kapsuli ile imepimwa kwa mtu mzima. Ndani yake mnaweza kuwa na vitu vingine: protini ya maziwa ya ng'ombe, soya, nyuzi za inulini zinazojaza gesi tumbo la mtoto na kumzidishia kilio. Unga mkavu mdomoni unaweza kumpalia. Na lililo kubwa zaidi ni usafi wa kiwandani: vitu hivi vingi husajiliwa kama chakula cha nyongeza, si kama dawa, kwa hiyo havipimwi kwa ukali wa dawa. Mwaka 2014 nchini Marekani mtoto njiti alifariki baada ya kupewa unga wa probiotiki ambao ulikuwa na ukungu ndani. Ukungu ulishambulia utumbo wake. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikatoa onyo jingine baada ya kifo cha mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo moja. Bakteria aliyekutwa kwenye damu yake alikuwa yule yule wa kwenye probiotiki aliyopewa. Hapo hapakuwa na uchafu wowote. Bidhaa ilikuwa kama ilivyoandikwa, ila mwili ulikuwa mdogo mno kuibeba.

Uadilifu unanilazimu niseme na upande wa pili. Zipo wodi za njiti duniani zinazowapa watoto probiotiki kwa makusudi, kwa sababu zinaonekana kupunguza ugonjwa hatari wa utumbo kuoza kwa njiti, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilisema zinaweza kufikiriwa kwa waliozaliwa kabla ya wiki 32 wanaonyonya maziwa ya mama. Lakini hayo hufanyika wodini, kwa bidhaa iliyochaguliwa, mtoto akitazamwa saa zote. Na kwa watoto wachanga waliozaliwa baada ya mimba kutimia miezi tisa, wanaonyonya tu na wanaolia sana, kuna matone ya bakteria aitwaye Limosilactobacillus reuteri DSM 17938, matone matano kwa siku, yaliyoonyesha kupunguza kilio kwa baadhi yao. Mwanao ni njiti. Kama daktari wake wa watoto ataona yanafaa, na aamue yeye akiwa amemshika mtoto mkononi.

Kwa sasa mfanyie haya: akimaliza kunyonya mweke wima begani dakika 10 hadi 15. Amalize ziwa moja kabla ya kumhamishia la pili. Jioni punguza taa na makelele, mbebe kifua kwa kifua, ngozi kwa ngozi. Asipewe maji, mtindi, mafuta ya habasoda, dawa ya mchango wala asali. Asali hasa asionje kabla ya mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli ya mtoto mchanga. Kwa kuwa unakunywa antibaiotiki, choo chake kinaweza kulainika kidogo siku hizi, nako kutapita. Usiache kunyonyesha. Mwangalie ulimi na mashavu kwa ndani: ukiona utando mweupe usiofutika, ni fangasi, mpeleke atibiwe.

Mpeleke siku hiyo hiyo akiwa na joto la 38 au zaidi, akitapika kijani, tumbo likiwa limejaa na kuwa gumu, choo kikiwa na damu, akikataa ziwa, au nepi zikawa kavu kwa saa sita na zaidi. Hayo si mchango.

Wewe mwenyewe

Kuharisha kwako kuna maelezo rahisi. Antibaiotiki haichagui, inaua ya jino na ya utumbo. Bakteria wa utumbo mpana kazi yao mojawapo ni kuchachusha mabaki ya wanga na nyuzi, na kile wanachozalisha huusaidia utumbo kufyonza maji. Wakipungua, wanga hubaki na kuvuta maji, na choo kinakuwa chepesi. Juu ya hilo klavulanati yenyewe huuharakisha utumbo. Kwa hiyo bila damu, bila homa, mara tatu au nne kwa siku, hiki ni kitu cha kawaida na kwa wengi huisha siku chache baada ya dozi kumalizika.

Usiikatishe dozi kwa uamuzi wako, lakini mpigie aliyekuandikia. Kama jino limeshang'olewa au usaha umetolewa, anaweza kuona siku zilizobaki hazihitajiki. Kidonge kimeze mwanzo wa chakula, si tumbo tupu, jambo hili peke yake hupunguza shida. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kunywa glasi moja kila baada ya choo, kinachobaki baada ya saa 24 kimwage. Unanyonyesha, kwa hiyo maji yanakutoka njia mbili. Dawa za kufunga choo ziache.

Probiotiki itakusaidia? Huenda, kiasi. Tafiti nyingi ndogo za watoto wanaokunywa antibaiotiki, zikijumlishwa, zinaonyesha kuharisha kumepungua kutoka watoto 19 katika kila 100 hadi 8. Lakini Uingereza walipowapima wagonjwa karibu 3,000 wa miaka 65 na zaidi, matokeo yake yakachapishwa 2013, hakukuwa na tofauti yoyote kati ya waliokunywa probiotiki na wasiokunywa. Na faida iliyopo huonekana zaidi ikianzwa pamoja na antibaiotiki, siku ya kwanza au ya pili. Wewe umeshapita hapo. Wataalamu wa Israeli nao mwaka 2018 walionyesha kwamba waliokunywa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibaiotiki, bakteria wao wa asili walichelewa kurudi kuliko wa walioachwa bila kitu. Wale wa kwenye kapsuli ni wageni wa kupita. Hawahamii, ila wakiwa wengi huwachelewesha wenyeji kurudi majumbani. Kwa hali yako, ningechagua ORS, chakula na subira.

Ukiamua kunywa hata hivyo, panga saa. Kama antibaiotiki unaimeza saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, probiotiki ya bakteria imeze saa 4 asubuhi, mbali na dozi zote mbili, maana ukizimeza pamoja unawaua uliowanunua. Masafa ya chini yawe saa mbili. Anza na kapsuli moja, usizidishe kwa kufikiri wingi ni nguvu. Bilioni 50 haimaanishi bora kuliko bilioni 10. Gesi na tumbo kujaa siku tatu nne za mwanzo ni kawaida. Vipele, midomo kuvimba au kifua kubana si kawaida: acha papo hapo, nenda hospitali. Dozi ya antibaiotiki ikimalizika, endelea wiki moja, mbili zikizidi, kisha acha. Na kama utaandikiwa flukonazo kwa fangasi za baada ya antibaiotiki, jambo linalowapata wanawake wengi, ujue inaiua hamira ya probiotiki. Kunywa zote mbili ni kupoteza pesa.

Chupa yenyewe

Chupa iliyoandikwa iwekwe kwenye friji, maana yake nyuzi 2 hadi 8. Yako imesafiri ndani ya begi, imekaa kwenye joto la uwanja wa ndege, kisha miezi miwili kabatini Fuoni ambako mchana nyumba hufika nyuzi 30 na kitu, pamoja na unyevu wa kisiwani. Bakteria hawa wamekaushwa. Wanachokiogopa zaidi ni joto likikutana na unyevu. Walio wengi humo huenda wameshakufa. Waliokufa kwa kawaida hawadhuru mtu mzima, lakini hawana kazi. Chupa yenye unyevu ndani, kapsuli zilizoshikana, madoa au harufu ya uvundo ni ya kutupwa bila mjadala.

Wapo wanaopima kwa kumwaga unga kwenye maziwa ya vuguvugu waone kama yataganda. Kipimo hicho hakisemi kitu. Maziwa yakikaa hapa Zanzibar yataganda kwa vijidudu vya hewani pia, na Bifidobacterium aliye mzima anaweza asiyagandishe upesi. Ukinunua nyingine, nunua duka la dawa lenye mfamasia, uliza kama imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, na tazama kama hesabu ya bilioni ni ya siku ya kutengenezwa au ya mwisho wa muda wake. Ya pili ndiyo yenye maana. Jina la bakteria liwe limekamilika mpaka herufi na namba za mwisho, kwa sababu faida iliyopimwa kwa mmoja haiwi ya ndugu yake. Tazama pia ganda la kapsuli: mengi ni ya gelatini, na gelatini huweza kuwa ya nguruwe. Tafuta iliyoandikwa ya mimea au yenye alama ya halali.

Na mtindi

Kwako wewe na mumeo, kikombe cha mtindi kwa siku ni chakula kizuri kwa wakati huu, hata kama siwezi kukutajia kwa majina bakteria waliomo. Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yachemke vizuri, yaache yapoe mpaka uweze kuweka kidole kilichonawiwa ukahesabu kumi bila kuungua, tia vijiko viwili vya mezani vya mtindi mzuri wa jana, funika kwa kitambaa safi, weka pasipo upepo saa sita hadi nane, kisha friji. Moto mno utaua mbegu. Baridi mno wataingia wasioalikwa. Ukiona rangi ya pinki au ukungu juu, usikwangue, mwaga yote. Maziwa mabichi yasiyochemshwa yanaweza kubeba homa ya kutupa mimba ya ng'ombe, na mtu akiipata huugua miezi. Mtindi wa dukani unaokaa miezi nje ya friji umepikwa baada ya kuganda, hauna kilicho hai ndani, sawa na hamira ya mkate wa kumimina ukishatoka motoni.

Wewe nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, homa, maumivu makali ya tumbo, zaidi ya mara sita kwa siku, kizunguzungu ukisimama, au kuharisha kukiendelea zaidi ya siku mbili baada ya dozi kumalizika. Yupo bakteria aitwaye Clostridioides difficile anayetumia nafasi iliyoachwa na antibaiotiki, na anaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo hata ukiharisha upya mwezi ujao, mwambie daktari kwamba ulikunywa amoksilini na klavulanati. Na choo kikiwa cheupe kama maji ya mchele, kinachotoka kwa wingi bila kukatika, hilo ni suala la kipindupindu: ORS anza kunywa njiani, na usingoje kupambazuka.

Katika mzunguko ujao wa mama, mwulize muuguzi swali moja kwa niaba yangu: mpira huu utabaki mpaka lini, na je, kuna mpango wa kumtengenezea mshipa mkononi wa kusafishia damu badala ya mpira? Siku mpira utakapotolewa, hatari kubwa kati ya nilizozitaja hapa itakuwa imepungua sana.